Kufuatilia Mto Nyando na Kujiandaa kwa Mafuriko: Hatua kwa Hatua kwa Wakazi wa Kano

Wapo wanaohofia vimbunga vya baharini, lakini havifiki Kisumu. Mji huu uko karibu mno na ikweta, na katika eneo hilo mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuuzungusha upepo hadi uwe kimbunga. Hata Kimbunga Hidaya, kilichoikumba pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, hakikuwa na njia ya kufika huku. Badala yake, sisi wa nyanda za Kano, karibu na Kisumu, tunapaswa kuufuatilia Mto Nyando, ambao hukusanya maji yake katika vilima vya Nandi, Tinderet na Kericho, hushuka kupitia Muhoroni na Ahero, kisha huingia Ghuba ya Winam. Maji yanayofurika Kakola au Kabonyo mara nyingi hayakunyesha hapo, na ndiyo maana mtu anayetazama mawingu ya juu ya boma lake peke yake huweza kulala pakavu na kuamka ndani ya maji. Ninaandika nikiwa mjumbe wa kamati ya maafa ya kijiji ninayesoma kipimo cha mto, na huu ndio utaratibu tunaoufuata.

Hatua ya 1: Fahamu maji huingia kwako kutoka wapi

Kabla ya masika ya Machi hadi Mei, na tena kabla ya vuli ya Oktoba hadi Desemba, zunguka boma lako ukiwa na mzee anayekumbuka mafuriko ya zamani, umwombe akuonyeshe maji yalikoingilia na yalikofika ukutani. Weka alama hapo kwa rangi. Wanaoishi karibu na ziwa wazingatie jambo la ziada: Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kuipita rekodi ya 1964, na ziwa likijaa hivyo mto hukosa pa kumwaga maji yake kwa kasi, kwa hiyo mvua ya kawaida huweza kuleta mafuriko yasiyo ya kawaida.

Hatua ya 2: Soma utabiri wa jirani wa juu

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa msimu, wa mwezi, wa siku saba na wa saa 24, pamoja na tahadhari maalumu mvua kubwa inapotarajiwa. Katika tahadhari hizo, mvua kubwa ni ile inayozidi milimita 20 kwa saa 24. Utabiri wa msimu utakusaidia kuamua lini utengeneze paa na kuzibua mitaro. Wa siku saba ndio wa kufuatilia kwa makini, na usisome mstari wa Kisumu pekee, bali anza na Kericho na Nandi. Huko mvua nyingi huanza alasiri, upepo wa ziwani unapopanda vilimani, hivyo kilele cha maji huweza kutufikia usiku. Siku moja ya mvua kubwa hainisumbui sana; zikifuatana mbili au tatu, udongo umeshiba na kila tone jipya huteremkia mtoni.

Mwenye simu yenye intaneti aangalie pia Google Flood Hub, inayotabiri mafuriko ya mito mingi ya Kenya, lakini aichukue kama msaidizi tu wa kipimo kilicho mbele ya macho yake. Ujumbe wa sauti unaosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp bila tarehe wala jina la aliyeutoa usiusambaze, kwa sababu video za mafuriko ya miaka iliyopita hurudi kila msimu.

Hatua ya 3: Tafuta mtu wa mlimani, na mpime mvua pamoja

Hatua hii ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo watu wengi huiruka. Tafuta ndugu, mfanyabiashara au mwalimu anayeishi upande wa Muhoroni, Tinderet au Londiani, mkubaliane kwamba atakupigia simu mvua ikinyesha kwa nguvu. Kila mmoja wenu awe na mkebe wenye kitako bapa na kuta zilizonyooka, uliofungwa juu ya nguzo mahali pa wazi, mbali na mti au paa kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mti au paa hilo. Kila siku saa tatu asubuhi, tumbukizeni rula, muandike milimita, kisha mmwage maji.

Andika katika daftari hilohilo saa ambayo mvua ya mlimani ilianza na saa ambayo mto ulianza kupanda kwako. Baada ya msimu mmoja utajua una saa ngapi mkononi. Usikopeshwe jibu hilo na mtu wa kijiji kingine, maana kila sehemu ya mto ina mwendo wake.

Hatua ya 4: Soma mto wenyewe

Palipo na kipimo cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, tumia hicho. Pasipokuwepo, simamisheni nguzo imara mahali ambapo mtu anaweza kuisoma kutoka kwenye ukingo bila kuingia majini, na muipake rangi tatu: kijani kwa maji ya kawaida, manjano kwa maji yaliyokaribia ukingo, na nyekundu pale yanapoanza kumwagika. Soma asubuhi na jioni. Maji yakifika manjano, soma kila saa. Kina chenyewe hakitoshi, kwani mto ulio chini ya manjano lakini unaopanda kwa kasi ni hatari kuliko uliotulia juu yake. Mabadiliko ya rangi ya maji na magogo yanayoelea huonyesha kwamba huko juu mambo yameshaharibika.

Hatua ya 5: Kubalianeni mapema kila rangi ina kazi gani

Kwa manjano, mifugo huhamishwa, nafaka hupandishwa darini, mitungi hujazwa maji safi, na wazee, wagonjwa na wajawazito huondoka kwanza kukiwa bado na mwanga. Kitambulisho, vyeti, hati ya shamba na dawa za kila siku viwekwe ndani ya ndoo yenye kifuniko cha kubana. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017, na hata ingekuwepo isingefaa kitu ikitoboka. Simu zichajiwe, na ile kabambe (simu ndogo ya vitufe) izimwe iwekwe akiba. Kwa nyekundu, zima swichi kuu ya stima ukiwa umesimama pakavu, mjulishe chifu au mzee wa nyumba kumi, na uondoke.

Hatua ya 6: Ondoka bila kuyavuka maji

Chagueni njia mbili za kufika shule au kanisa lililo mwinukoni, na mzitembee kabla ya mvua. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu humwangusha mtu mzima, na ya sentimita 60 hulisomba gari. Mwenye boda boda anayekuhakikishia kwamba atavuka usimpande. Ukizingirwa, piga 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, au 112.

Hatua ya 7: Rudi kwa utaratibu

Subiri maji yashuke chini ya manjano na tahadhari iondolewe. Vyoo vya shimo vikishafurika, kila kisima kilicho karibu kihesabiwe kuwa kimechafuka, kwa hiyo chemsha maji ya kunywa au yatie klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa mpaka afisa wa afya ya umma akipime kisima. Mtu akianza kuhara maji maji, mpe maji safi yaliyochanganywa na paketi ya ORS (chumvi na sukari ya kuzuia upungufu wa maji mwilini) mkiwa njiani kuelekea zahanati. Stima isiwashwe kabla fundi hajakagua nyaya.