Kukagua mkanda wa taimingi na beringi zake katika Subaru Impreza WRX ya zamani

Subaru ilitoa Impreza WRX ya kwanza mwaka 1992, na hata magari ya mwisho ya kizazi hicho, yaliyotoka mwaka 2000, yamefikia umri ambao mpira wowote wa kiwandani umeshachoka. Injini yake ya EJ20 yenye kamshafti nne, yaani mihimili inayofungua valvu, inategemea mkanda mmoja mrefu wa taimingi. Mkanda huo huzungushwa na krenkshafti, mhimili mkuu unaosukumwa na pistoni, nao huzungusha gia nne za kamshafti pamoja na pampu ya maji, huku ukishikiliwa katika njia yake na puli kadhaa zenye beringi na tenshena ya oili, yaani kifaa cha kuukaza. Ukikatika au ukiruka meno, pistoni na valvu hugongana, na kuanzia hapo mazungumzo ni ya kushusha injini. Si kila gari la spoti la zamani lina hatari hiyo, kwani Mazda MX-5 ya mwanzo yenye injini ya lita 1.6 huzimika tu na kusubiri mkanda mpya. EJ20 haina huruma ya namna hiyo.

Kwa anayeendesha katika Nyanda za Juu Kusini, mahali mkanda unapokatikia nako kuna uzito wake. Gari linaloshuka mteremko wa Kitonga likiwa kwenye gia ya pili likizima ghafla, usukani unakuwa mzito, breki inabaki na msaada wa kukanyagwa mara chache tu, na kwa kuwa gia imeingia, matairi yanaendelea kuizungusha krenkshafti ilhali kamshafti zimesimama, hivyo valvu zinaendelea kupigwa. Ikitokea hivyo, kanyaga klachi mara moja, bana breki kwa mkanyago mmoja usioachia, egesha kando, na usijaribu kupiga stata.

Fundi akiitiwa ukaguzi wa taimingi, mara nyingi hufungua kava, humulika mkanda kwa tochi ya simu, huuona hauna nyufa, kisha hufunga. Ukaguzi wa namna hiyo haumsaidii mwenye gari, kwa sababu katika injini hizi mkanda mara nyingi huuawa na kitu kingine: beringi iliyokauka grisi, sili inayovuja, au tenshena iliyolegea. Tena mpira wa mikanda ya siku hizi hauonyeshi nyufa kirahisi kama wa zamani, na unaweza kupoteza meno huku mgongo wake ukiwa bado laini. Ndiyo maana maelezo haya yanatumia nafasi kubwa zaidi kwa beringi kuliko kwa mkanda.

Kabla ya kushika spana, tafuta historia. Magari yaliyotoka Japani mara nyingi hubandikwa karatasi ndogo kwenye kava la taimingi au chini ya boneti, yenye kilomita na tarehe ya kubadilisha mkanda. Mwaka ukiwa na tarakimu moja au mbili zilizotanguliwa na herufi H, ni wa enzi ya Heisei iliyoanza mwaka 1989, hivyo jumlisha 1988: H20 ni mwaka 2008. Herufi ikiwa R, ni enzi ya Reiwa iliyoanza mwaka 2019, hivyo jumlisha 2018. Linganisha kilomita za karatasi hiyo na zile za kwenye dashibodi, na ukikuta za dashibodi ni chache kuliko za karatasi, umeshajua kwamba dashibodi imechezewa. Kipimo cha kawaida cha mkanda huu ni km 100,000, lakini gari lililosimama uani miaka mingi lina mkanda uliozeeka hata kama halikutembea. Pasipo karatasi wala risiti, mkanda ubadilishwe bila mjadala, na ukaguzi uwe wa kujua ni nini kingine kinachotakiwa kubadilishwa pamoja nao.

Hatua ya pili ni kusikiliza, na baridi ya Mbeya inasaidia. Asubuhi ya Juni au Julai, injini ikiwa imelala nje usiku kucha, grisi iliyobaki ndani ya beringi huwa ngumu, na beringi iliyoisha hulia kwa mluzi au mkwaruzo katika dakika ya kwanza, kisha hunyamaza injini ikipata moto. Wenye magari wengi huchukulia kunyamaza huko kama kupona. Ili usiilaumu taimingi kwa kosa la altaneta au pampu ya usukani, zima injini, vua mikanda ya nje, kisha iwashe tena kwa muda usiozidi dakika moja. Pampu ya maji inaendeshwa na mkanda wa taimingi, kwa hiyo injini haitapata madhara kwa muda huo mfupi. Sauti ikipotea, tatizo ni la nje. Ikibaki, weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kava karibu na kila puli na mpini wake sikioni, ukiwa umekunja mikono ya shati na kujiweka mbali na feni, kwani feni za umeme huweza kuanza zenyewe.

Sasa fungua. Injini iwe imepoa, nawe uwe umechomoa waya wa hasi wa betri. Makava mawili ya pembeni yanashikwa na bolti za spana ya 10 na yanaweza kutoka bila kugusa puli kubwa ya krenkshafti, lakini kava la katikati halitoki mpaka puli hiyo itoke. Bolti za makava huwa na kutu na hukatika kwa urahisi, basi zipulizie mafuta ya kulegeza siku moja kabla. Angalia pia kama kuna kipande cha kava kilichovunjika au kisichokuwepo, jambo linaloonekana mara nyingi kwenye magari yaliyowahi kufunguliwa kwa haraka. Matope ya njia ya Tukuyu na vumbi la barabara za vijijini huingia hapo na kutua moja kwa moja kwenye beringi.

Mkanda wenyewe usomwe kama ushahidi wa kilichoutokea. Ukingo uliochakaa na kutoa nyuzi upande mmoja unaonyesha puli iliyoinama kwa sababu beringi yake inacheza. Mgongo unaong'aa kama uliopakwa vanishi unaonyesha puli inayokwama na kuusugua mkanda. Unga mweusi uliojikusanya chini ya kava ni mpira uliosagika, na asili yake lazima ipatikane. Mkanda uliovimba na kulainika umelowa oili, na hapo kuubadilisha bila kubadilisha sili za kamshafti au krenkshafti ni kutupa fedha. Unapoupekua, usiukunje kwa mkunjo mkali, kwa kuwa nyuzi za ndani zikivunjika huwezi kuziona kwa nje; mkunjo wenye nusukipenyo kilicho chini ya mm 60 haufai.

Beringi haziwezi kuhukumiwa kwa haki mkanda ukiwa umezibana. Usivue mkanda, hata hivyo, kabla ya kuzilinganisha alama za taimingi za gia, na hapa ndipo injini nyingi huharibika mikononi mwa mtu mwenye nia njema. Gia ya krenkshafti ya EJ20 ina mshale unaoonekana wazi kwa mbele, na anayekutana nayo mara ya kwanza huuchukua kuwa alama ya taimingi. Siyo. Alama ya kweli ni mstari mdogo uliochongwa kwenye jino la nyuma ya gia, kwenye bamba linalosomwa na sensa, nao unapaswa kutazamana na mfereji ulio juu, kwenye mwili wa injini. Gia za kamshafti zina mstari mmoja unaotazama alama ya kava la nyuma, na mistari miwili inayotazamana baina ya gia ya juu na ya chini ya upande huohuo. Safisha kila alama kwa brashi, kisha ipake tipeksi.

Jambo jingine la kuchunga ni kamshafti mbili za upande wa kushoto, yaani kushoto kwa mtu aliyeketi ndani ya gari. Alama zikiwa sawa, kamshafti hizo zinakuwa zimekandamiza springi za valvu, na mkanda ukitoka zinaweza kuruka zenyewe na kugonganisha valvu za juu na za chini. Zishikilie kwa kifaa cha kufungia gia, na usiruhusu mtu kuzizungusha ovyo kwa spana.

Mkanda ukishatoka, shika kila puli kwa vidole viwili na uizungushe. Beringi nzima huzunguka kimya, kwa uzito kidogo, na husimama mapema. Inayozunguka muda mrefu kwa wepesi humfurahisha asiyejua, lakini imeshapoteza grisi. Inayokwaruza, au inayokwama kidogo mahali palepale kila mzunguko, ina gololi au njia iliyochubuka. Kisha itikise kulia na kushoto: ikicheza hata kidogo, imeisha. Tazama pia grisi iliyotoka pembeni na chuma kilichogeuka rangi ya buluu kwa sababu ya joto. Puli yenye meno ikaguliwe mara mbili, maana ikikwama hukata meno ya mkanda badala ya kuusugua tu.

Pampu ya maji nayo ina beringi. Zungusha gia yake, itikise, kisha mulika tundu dogo lililo chini ya mhimili. Ukoko wa kijani, wa buluu au wa waridi hapo ni kulanti, yaani maji ya kupoza injini, iliyopita kwenye sili. Kwa kuwa kuifikia pampu kunadai kazi yote hii, mimi siirudishi pampu yenye umri usiojulikana hata kama haivuji.

Tenshena iangaliwe kama ina oili kwenye fimbo yake, na fimbo hiyo ikisukumwa kwa nguvu isizame kirahisi. Ili kuirudisha ndani, isimamishe wima kwenye mashine ya kukandamiza, ibonyeze polepole kwa zaidi ya dakika 3, kisha ichomeke pini ya mm 2. Jiriwa na haraka huua sili yake.

Puli mpya ziwe na beringi za watengenezaji wanaojulikana, kama NSK, NTN au Koyo, kutoka duka la spea linalotoa risiti na kupokea mzigo wenye kasoro. Mkanda wa mtumba haununuliwi kwa bei yoyote ile.

Baada ya kufunga, chomoa pini ya tenshena, kisha zungusha krenkshafti kwa mkono, kwa mwelekeo wa saa, mizunguko miwili kamili. Alama za gia zirudi sawa. Mistari iliyochorwa kwenye mkanda wenyewe haitarudi, na hilo lisikutishe, kwa kuwa ni ya siku ya kufunga tu. Ukihisi kitu kigumu kinazuia, simama na uhakiki alama, usilazimishe. Bolti ya puli ya krenkshafti ikazwe kwa kipimo cha kitabu cha injini yako, kwa spana ya kupimia, kwani ikilegea hula kijino cha kushikia gia. Unapowasha mara ya kwanza, mlio wa kugonga wa sekunde chache kutoka kwenye tenshena unavumilika. Ukiendelea, zima. Toa hewa kwenye rejeta, endesha gari kutoka Mbeya mjini hadi Igawilo, pembezoni mwa jiji, na kurudi, liache lipoe, kisha mulika tena chini ya pampu na sili kabla ya kulipeleka kwenye mteremko wowote mrefu.