Fildi jijini Dar es Salaam: kutafuta nafasi, kufanya kazi na kutoka na alama

Anza kutafuta nafasi ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, mwezi wa pili, usingoje wa tano. Vyuo vingi hupeleka wanafunzi wao fildi kati ya Julai na Septemba, mara mitihani ya muhula wa pili inapokwisha, kwa hiyo mji mzima unagombea viti vilevile kwa wakati mmoja. Ofisi inayoweza kubeba wanafunzi watatu hupokea rundo la barua, na mara nyingi hugawa nafasi kwa waliotangulia.

Kabla ya kuandika barua yoyote, nenda kwa mratibu wa mafunzo kwa vitendo wa idara yako ukaulize mambo manne: fildi ni ya wiki ngapi, inaanza na kuisha tarehe gani, mwaka wako unatakiwa ufanye kazi za aina gani, na alama zinagawanywaje kati ya kitabu cha kumbukumbu, ripoti, tathmini ya msimamizi wa kazini na ziara ya mwalimu. Swali la tatu ndilo linalosahaulika. Kwenye uhandisi, kwa mfano, PT (jina lingine la fildi) ya mwaka wa kwanza kwa kawaida ni ya mikono: kulehemu, kupima, kufunga nyaya. Ya mwaka wa tatu inakutaka usogee kwenye usanifu na usimamizi. Ukitumia wiki zote karakanani ukiwa mwaka wa tatu, umejifunza, lakini ripoti yako haitajibu kile mtahini anachotafuta.

Fildi yetu si mfumo kamili wa elimu ya kupokezana darasa na kazi. Ule aliuasisi Herman Schneider katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, mwaka 1906. Na katika Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, mwanafunzi hupokezana mihula ya miezi minne darasani na kazini, tena kwa mshahara. Sisi tuna wiki 8 hivi, mara nyingi bila malipo. Hesabu yake ni ngumu: wiki mbili za kukaa kwenye benchi ukisubiri kupangiwa kazi ni robo ya fildi yako.

Chagua kazi, si jina la ofisi

Wengi huchagua kwa jina la jengo. Swali la maana ni hili: Julai hadi Septemba, pale ndani wanafanya nini?

Mwaka wa fedha wa serikali huisha tarehe 30 Juni, na hesabu za mwaka zinatakiwa zimfikie Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ndani ya miezi mitatu, yaani hadi 30 Septemba. Mwanafunzi wa uhasibu aliyeko halmashauri au shirika la umma anakuta ofisi iko kwenye joto la kufunga hesabu: usuluhishi wa benki (kulinganisha vitabu vya ofisi na taarifa ya benki), kuhakiki hati za malipo, kuhesabu mali. Hiyo ni shule ya bure. Mwanafunzi wa ununuzi yeye anakuta mpango mpya wa mwaka ndiyo kwanza unaanza. Julai inaweza kuwa kimya kidogo na zabuni zikachangamka baadaye. Kama tarehe za chuo zinakuruhusu kuchelewa wiki mbili, chelewa.

Kwa wa ujenzi, miezi hii ni kiangazi, saiti zinafanya kazi. Omba uanze mahali zege linamwagwa. Vipande vya majaribio vya zege huvunjwa siku ya 7 na siku ya 28 ili kupima nguvu yake. Vilivyomwagwa wiki yako ya kwanza utaviona vikivunjwa ukiwa bado upo, vya wiki ya sita utasimuliwa kwa simu.

Wa kompyuta wajihadhari. Ofisi nyingi haziwapi wanafunzi ruhusa ya kuingia kwenye mifumo, na hazikosei. Matokeo yake ni kubadilisha wino wa printa kwa miezi miwili. Kwenye usaili uliza mapema kama kuna mazingira ya majaribio unayoweza kufanyia kazi. Kampuni ndogo ya programu ya Mikocheni au Kijitonyama inaweza kukufaa kuliko taasisi kubwa ya katikati ya mji.

Viwanda vya Chang'ombe, Ubungo na kando ya Barabara ya Nyerere havitangazi nafasi. Unapeleka barua getini, na mlinzi ndiye mapokezi. Msalimie vizuri.

Barua na safari yake

Kwa ofisi ya umma andika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, kwa mkuu wa taasisi na si kwa afisa unayemfahamu. Halmashauri ni Mkurugenzi. Wizara ni Katibu Mkuu, na kumbuka makao makuu ya wizara sasa yako Dodoma. Iliyokuwa Manispaa ya Ilala imekuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam tangu 2021, na bado kuna barua zinazokwenda kwa jina la zamani. Anza na "Yah: Maombi ya nafasi ya mafunzo kwa vitendo", kisha taja kozi, mwaka, chuo, tarehe ya kuanza na kumaliza, na kitengo unachokiomba. Kitengo ni muhimu. Usipokitaja, afisa utumishi atakupeleka penye upungufu wa mikono, na upungufu wa mikono mara nyingi uko masijala, kwenye mafaili.

Ambatisha barua ya utambulisho ya chuo yenye muhuri na nakala ya kitambulisho. Wengine huomba matokeo ya mihula iliyopita, kadi ya bima ya afya na picha za pasipoti, kwa hiyo zitembeze zote kwenye bahasha. Tarehe za barua yako na za barua ya chuo zilingane. Zikitofautiana hata kwa siku tatu, karatasi inaweza kurudishwa.

Peleka nakala mbili. Moja inabaki masijala, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Kutoka hapo barua inapanda kwa mkuu, inashuka utumishi, inakwenda idarani, inarudi. Ipe wiki mbili, kisha nenda na nakala yako yenye muhuri. Bila nakala hiyo utaambiwa "haijafika", na hutakuwa na la kujibu.

Omba sehemu nne au tano. Ukikubaliwa mbili, chagua moja na uiandikie nyingine kwamba hutakwenda. Ukikaa kimya, kiti kinabaki tupu, na mwakani anayeumia ni mwenzako wa chuo hichohicho.

Baadhi ya hospitali na taasisi hutoza ada ya mafunzo. Kwa taasisi ya umma, malipo halali huja na namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Anayetaka utume kwenye simu yake "akusukumie faili" ni tapeli, au mtumishi anayekiuka sheria.

Gharama

Chukua mfano wa mtu anayepanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, wastani wa shilingi 700 kila moja: 2,800 kwa siku. Ongeza 3,000 ya mama ntilie. Kwa siku 40 za kazi ni shilingi 232,000, kabla ya bando na uchapishaji wa ripoti. Nauli ya wanafunzi wa sare haikuhusu. Kama mkopo wako wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, una kipengele cha mafunzo kwa vitendo, hakikisha umekamilisha taratibu za kusaini kabla hujaondoka chuoni, na usipange bajeti ukidhani pesa itaingia siku ya kwanza. Saiti na kiwandani utahitaji buti za usalama, kofia ngumu na riflekta. Uliza kama wanatoa au unakuja navyo. Uliza pia, kwa maandishi, nani anagharimia matibabu ukiumia.

Ukishaingia

Wiki ya kwanza omba ratiba: wiki hii kitengo hiki, ile kile. Wasipokuwa nayo, iandike mwenyewe nusu ukurasa umpelekee msimamizi arekebishe. Watu wana kazi zao. Hawakunyimi ujuzi kwa chuki, hawakupanga tu.

Ukiangukia mwanzoni mwa Julai, usishangae nusu ya ofisi ikihamia maonesho ya Sabasaba, Barabara ya Kilwa. Ukipangiwa banda, nenda, lakini siku zihesabu.

Kitabu cha kumbukumbu kijaze kila siku kabla ya kupanda daladala. "Nilifanya kazi za ofisini" ni sentensi ya kukosa alama. Andika hivi: "Nilihakiki hati za malipo 14, mbili hazikuwa na risiti ya EFD (mashine ya kodi), nikaelekezwa jinsi ya kuzirudisha idarani." Au: "Tulipima ulaini wa zege kwa koni ya milimita 300, likashuka milimita 75." Saini ya msimamizi ichukue kila Ijumaa. Anayelimbikiza wiki nane hukuta msimamizi yuko likizo au safarini, na kitabu chenye saini zote za wino mmoja kinajisema chenyewe.

Usiingie kwenye mfumo kwa nywila ya mtumishi, hata akikupa mwenyewe. Kosa likitokea, jina linalobaki ndani ni lake, na wewe ndiye utakayeulizwa.

Mwalimu wa chuo anaweza kuja bila taarifa. Ukitoka kwenda saiti nyingine, acha ujumbe mapokezi na kwa msimamizi, na simu iwe hewani. Akikukosa mara moja, andika maelezo siku hiyohiyo kwa mratibu.

Kama wiki mbili zimepita ni kutoa kopi na kuagizwa chai, zungumza na msimamizi kwanza, ukitaja kazi mahususi unayotaka kuiona. Isipobadilika, mwambie mratibu wa chuo kufikia wiki ya tatu. Wiki ya sita hakuna anayeweza kukuhamisha.

Ripoti ianze kuandikwa wiki ya nne. Historia ya taasisi iishie ukurasa mmoja, kwa sababu mtahini ameshaisoma tovuti yao. Uzito uwe kwenye kazi zako: vipimo, michoro, tatizo uliloliona na chanzo chake. Majina ya wagonjwa, salio za wateja na picha za nyaraka visiingie. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamgusa hata mwanafunzi. Mpe msimamizi aisome ripoti kabla ya chuo kuiona.

Siku tatu kabla ya kuondoka, peleka fomu ya tathmini ijazwe na kufungwa kwenye bahasha yenye muhuri juu ya gundi. Omba pia barua ya kuthibitisha kumaliza mafunzo. Chuo huenda kisiitake, ila ukiomba kazi baadaye utatafutwa ushahidi wa tarehe hizo, na afisa utumishi wa leo huenda amehamishiwa Mtwara.