Kulisoma Tabaka la Mfinyanzi Unapotafuta Dhahabu ya Mtoni

Wachimbaji wengi wa dhahabu ya mtoni, kama ile iliyogunduliwa Lupa, Chunya, mwaka 1922, hufundishwa kuchimba mpaka mwambani. Kanuni hiyo ni nzuri, ila dhahabu yenyewe si lazima ifike huko. Uzito wake ni takriban mara 19 ya maji, ilhali kokoto za kwatzi (jiwe gumu, mara nyingi jeupe) hazifiki hata mara 3. Kwa hiyo mafuriko yanapoitikisa changarawe, chembe za dhahabu huzama hadi zikute kitu kisichopenyeka, na udongo mgumu wa mfinyanzi ni sakafu ya namna hiyo.

Beleshi likianza kunata, simama. Weka katika ndoo moja sentimita 10 za mwisho za changarawe pamoja na sentimita 2 au 3 za juu za mfinyanzi, kisha ujaze ndoo nyingine kwa changarawe ya juu zaidi na ya tatu kwa mfinyanzi wa ndani. Osha kila ndoo peke yake kwa karai, uhesabu chembe na uandike kina. Ndoo ya kwanza ikizipita nyingine kwa mbali, umeipata sakafu. Ifuate kuelekea kwenye mabonde yake, kwa kuwa mara chache huwa tambarare.

Mfinyanzi huo usiupeleke mwaloni, yaani kwenye mfereji wa kuoshea dhahabu, ukiwa madonge. Donge linaloviringika huokota chembe zilizokwisha kutulia na kutoka nazo hadi kwenye makapi. Uloweke usiku kucha, uuvuruge kwa mikono mpaka uwe uji mwepesi usio na kidonge hata kimoja, ndipo uoshe.

Kabla ya kufunga shimo, kata kipande cha mfinyanzi kwa kisu. Ukiona mishipa ya kwatzi inapita ndani yake bila kukatika, huo ni mwamba uliooza, na umefika mwisho. Ukiona matabaka laini, mabaki ya majani au kokoto za mviringo, mfinyanzi huo ulilazwa na maji, na chini yake huenda pana changarawe ya zamani zaidi, pengine yenye dhahabu kuliko ya juu. Toboa mahali pamoja tu kwanza, wakati wa kiangazi na kuta zikiwa zimeegemezwa magogo, kwa sababu maji yaliyobanwa chini ya mfinyanzi hupanda ghafla, na ukuta uliosimama imara jana huporomoka ukilowa.