Kubadilisha kifuniko cha maji cha Boxster kabla hakijakuaibisha

Kila mwaka kusi ikishalala na kaskazi ikianza kuvuma, mzee mmoja Mtaliano mwenye nyumba upande wa Casuarina hunipigia simu. Hana maneno mengi. "Fundi, nakuja mwezi wa kumi na mbili." Maana yake gari lake la bluu, Porsche Boxster ya mwaka 2001, ambalo limelala chini ya turubai tangu masika, linatakiwa liamke likiwa zima. Betri, matairi, breki na oili, hayo kila fundi wa Malindi anayajua. Safari hii nilianza na jambo lililomchekesha mpwa wangu anayejifunza kazi kwangu. Nilinunua kifuniko kipya cha tanki la maji ya kupozea injini, na kile cha zamani kilikuwa hakivuji.

"Mjomba, kifuniko si kifuniko tu? Mbona tusingoje kiharibike?"

Nikakunja shati nikamwonyesha mkono wa kulia. Pana kovu kutoka kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko. Nililipata nikiwa na umri wake, pale daraja la Sabaki, tukitoka Mambrui na pikapu iliyochemsha. Nilikuwa na haraka. Nikashika kitambaa, nikazungusha kifuniko cha rejeta mara moja mpaka mwisho. Maji hayakumwagika, yaliruka. Sikujua wakati ule kwamba kilichokuwa kinayazuia yasiruke siku zote ni kile kijidude nilichokuwa nimekishika.

Ipo hivi. Maji ya sufuria hapa kwetu, usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi, huko juu kwenye mita 1,700 na zaidi, huchemka yakifika 94 hivi. Injini inataka maji yaendelee kuwa maji hata yakipita 100, kwa sababu mvuke haubebi joto vizuri, na pale mvuke unapojikusanya ndani ya silinda hedi, kile kichwa cha injini, ndipo chuma kinapopinda. Dawa yake ni presha. Kifuniko kina springi inayolibana tanki, maji yakipata moto yanatanuka, presha inapanda, na ikiwa bar 1 (bar ni kipimo cha presha) juu ya hewa ya kawaida, maji matupu hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Sasa fikiria pikapu yangu: maji yana nyuzi mia na kumi, yametulia kwa sababu yamebanwa. Mimi nikaondoa presha kwa mkono mmoja. Sehemu ya maji ikageuka mvuke papo hapo na kuyasukuma mengine nje, usoni mwa mjinga.

Springi ikilegea, au mpira wa chini ukikauka, jambo lilelile hutokea polepole, nawe umekaa kwenye usukani hujui. Gari halivuji likiwa baridi. Likiwa moto, presha inatoroka kidogo kidogo, maji yanapungua kila wiki kiasi cha kikombe cha kahawa, halafu siku moja umekwama nyuma ya tuktuk barabara ya Lamu saa nane mchana, geji inapanda.

Kifuniko kina vali ya pili ambayo wengi hawaijui. Injini ikipoa maji husinyaa, tanki hutaka kujinyonya lenyewe. Vali hiyo ndogo hufunguka kuingiza hewa. Kwenye magari mengi ya Kijapani yenye kifuniko juu ya rejeta, ndiyo inayorudisha maji kutoka kwenye chupa ya pembeni. Ikiganda, asubuhi utakuta mipira ya maji imebonyea kama chupa ya plastiki iliyonyonywa. Ukiona hivyo usiilaumu mipira kwanza.

Kwa nini basi nisingoje kiharibike? Gari la kulala miezi saba mpira wake hauna kazi. Haubanwi wala hauloi, unakauka tu kwenye joto la banda. Gari la kila siku kifuniko chake nakikagua kila nikimwaga oili na kukibadilisha baada ya miaka minne au mitano. La kulala, miaka mitatu inatosha. Huo ni uamuzi wangu, sikuusoma kwenye kitabu cha gari. Ila bei ya kifuniko halisi haifiki bei ya kujaza tanki la petroli, na bei ya kutengeneza silinda hedi iliyopinda sitaki hata kuiandika hapa.

Kwa Boxster za kizazi hiki kuna jambo la kuangalia kabla hujaagiza. Kifuniko chake kimefanyiwa marekebisho na kiwanda zaidi ya mara moja, na namba ya spea imechapwa juu yake. Ile inayoishia na 01 ni ya zamani. Inayotafutwa sasa ni 996.106.447.04, na inaingia pia kwenye Porsche 911 za wakati huohuo. Soma namba ya kilichopo, mpe muuza spea namba mpya, kisha kikifika isome tena kabla hujalipa. Kisichokuwa na namba, au chenye maandishi yanayofutika ukisugua na kidole, mrudishie mwenyewe.

Na usidanganyike kununua chenye nguvu zaidi. Kijana mmoja wa Barani mwenye Subaru aliniletea rejeta iliyopasuka pembeni, pale plastiki inapokutana na alumini. Alikuwa ameambiwa kijiweni kwamba kifuniko cha bar 1.3 ni cha mbio kuliko cha bar 0.9, akakifunga. Rejeta ya miaka kumi na tano haikuombwa ushauri. Namba iliyo kwenye kifuniko ni kikomo alichopanga mtengenezaji kwa mipira, tanki na rejeta zote. Ukiipandisha, kinachopasuka ni kile kilicho dhaifu kuliko vingine.

Haya, kazi yenyewe. Haihitaji spana hata moja.

Egesha gari mahali tambarare jioni, uliache usiku kucha. Wengine husema saa mbili au tatu zinatosha, na pengine huko kwenye baridi zinatosha kweli. Hapa banda lenyewe lina joto, na injini ya Boxster imekaa katikati, nyuma ya viti, imefunikwa kila upande, kwa hiyo hupoa taratibu. Mimi hufanya baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijafika uani.

Sasa tafuta kifuniko. Aliyezoea Probox atafungua boneti ya mbele akute nafasi ya mizigo na tairi la akiba. Mara ya kwanza nilisimama pale mbele natafuta injini, na vijana wa bodaboda wananitazama. Nikajifanya nakagua tairi. Nenda kwenye buti la nyuma. Kwenye ukuta wa ndani, upande wa injini, utaona vifuniko viwili jirani: kimoja cha oili, kingine cha maji, cha buluu. Hakikisha macho yako yamesoma alama kabla mkono haujaenda, maana maji ndani ya oili ni msiba mwingine. Karibu yake pana vali ndogo yenye waya wa kuinua. Hiyo ni ya kutoa hewa wakati wa kujaza mfumo mzima upya, leo haituhusu, iache.

Kabla ya kufungua chochote, futa. Buti la gari la Malindi lina mchanga kila siku, hata kama mwenyewe anaapa hakwenda ufukweni. Chukua kitambaa chenye unyevu, zungusha pembeni mwa kifuniko mpaka kitambaa kitoke safi. Punje moja ikikaa kati ya mpira na mdomo wa tanki, kifuniko kipya kitavuja kama kizee.

Vaa glavu na miwani, weka taulo lililokunjwa mara nne juu ya kifuniko. Najua gari ni baridi. Fanya hivyo hivyo. Zungusha kushoto, robo tu, usimame, usikilize. Ukisikia mlio wa hewa, acha hapo mpaka unyamaze, kisha endelea kidogo kidogo. Uso wako usiwe juu ya tanki. Mpwa wangu alisimama mbali kabisa, mlangoni mwa banda, na kwa sababu ya lile kovu sikumcheka.

Kikishatoka, kigeuze. Mpira ukiwa mgumu kama ukucha, umepasuka, au umebonyea alama ya mdomo wa tanki mpaka haurudi, umeshamaliza kazi. Angalia kama kuna ukoko mkavu, mweupe au wa rangi ya kulanti (yale maji ya dawa ya kupozea injini), kwenye hesi, ile mikato ya kuzungushia, au shingoni. Huo ni ushahidi kwamba presha ilikuwa inapita hapo. Chetu kilikuwa na mpira mgumu, bila ukoko, yaani tulikiwahi.

Mulika tochi ndani ya tanki. Kulanti iwe angavu. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au juu pana mafuta kama tui lililosimama, funga, usiwashe gari. Oili na maji vimekutana, na hakuna kifuniko kitakachoponya hilo. Futa shingo ya tanki na hesi zake kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Pitisha kidole ukizunguka mdomo, ukitafuta ufa. Plastiki ya zaidi ya miaka ishirini haina wa kuitegemea.

Kifuniko kipya usikipake grisi. Lowesha mpira wake kwa kulanti ileile kidogo tu ili usijikunje, kisha kianzishe kwa kukizungusha kushoto mpaka uhisi hesi zimekaa, ndipo ugeuke kulia. Kikaze kwa mkono hadi kifike mwisho wake. Anayekaza kwa koleo anakata plastiki.

Kabla ya kufunga moja kwa moja, tazama kimo: maji yawe kati ya alama ya chini na ya juu, injini ikiwa baridi. Yakipungua, ongeza kulanti ya aina ileile iliyomo, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Usiamini rangi. Kulanti mbili za waridi zinaweza kuwa ukoo tofauti kabisa. Na maji ya kisima, ndugu zangu, hapana. Visima vyetu vingi vya pwani vina chumvi na chokaa. Tazama birika la nyumbani lilivyofanya ukoko, kisha ufikirie matundu membamba ya rejeta. Kuna wanaoniambia kulanti ni ya nchi za baridi, na kweli barafu Malindi tunaiona kwenye juisi tu. Lakini hiyohiyo kulanti huzuia kutu na kupandisha nyuzi za kuchemka, na hayo tunayahitaji kuliko wao.

Washa gari likiwa limesimama, liache mpaka sindano ifike pale inapokaa siku zote. Kisha liendeshe. Sisi tulikwenda hadi Gede na kurudi, kama kilomita 30 jumla, halafu nikaingia makusudi kwenye msongamano wa mjini ili feni zifanye kazi. Barabara kuu hewa inapoza yenyewe, msongamano ndio unaosema kweli. Feni za Boxster ziko mbele, nyuma ya rejeta mbili zilizofichwa kwenye matundu ya bampa. Na hapo ndipo nilipokuta kitu kingine: majani ya mvinje, yale membamba kama sindano, yamejaa ndani ya matundu hayo kiasi cha kujaza kofia mbili. Yakilowa na hewa ya chumvi yanakula alumini. Tuliyatoa kwa mkono na brashi laini. Ukiwa na gari la aina hii na mivinje karibu na nyumba, usiache kuchungulia humo.

Ukirudi usifungue kifuniko kuangalia. Nusa tu ndani ya buti. Harufu ya utamu-utamu, kama sharubati iliyoungua, ni kulanti. Weka karatasi nyeupe kavu kuzunguka shingo na nyingine sakafuni chini ya gari, lala. Asubuhi soma kimo tena kabla ya kuwasha. Kikishuka, na karatasi ya juu ni kavu, inua zulia la buti upapase chini yake: tanki lenyewe huenda lina ufa. Kikishuka na kila mahali ni pakavu, basi huenda maji yanaungua ndani ya injini, na hapo lipeleke gari kwa mwenye pampu ya kupima presha.

Letu halikushuka. Kile kifuniko cha zamani sikukitupa jaani, maana hapa mjini kitu kizima kikitupwa asubuhi, jioni kinauzwa. Nilikibana kwenye jiliwa nikakikata katikati kwa msumeno wa chuma. Mpwa wangu alikaa nacho kizingitini muda mrefu, anabonyeza springi kubwa, kisha ile ndogo, kisha kubwa tena.