Ng'ombe Anayegonga Lango: Ukianza Kumnyima, Usirudi Nyuma

Katika boma moja la Bahati, Nakuru, kuna friziani anayegonga lango la zizi kwa paji la uso. Akigonga, mama mwenye boma humtupia konzi ya pumba yenye molasi ili anyamaze. Bawaba zimeng'oka mara mbili. Mama aliniuliza kama ng'ombe huyu ana wazimu. Nikamwambia, "Mama, huyu amefunzwa, na pumba ndiyo iliyomfunza."

Miaka ya 1930, mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alikuwa akichunguza panya waliobonyeza wenzo kupata chakula. Mtambo wa kutoa chakula ukakwama. Panya aliendelea kubonyeza, kisha akapunguza kidogo kidogo. Tabia isiyolipwa hufifia.

Lakini kabla hujaamua kumpuuza ng'ombe, mchunguze. Ana maji? Anayekamuliwa hunywa maji mengi, na kiu humfanya apige kelele. Ni mgonjwa? Yuko kwenye joto, yaani anataka dume? Joto hurudi takriban kila siku 21, na ukilidhania ni utundu utapitwa na wakati wa kumpandisha. Akionyesha dalili asubuhi, mwite mpandishaji aje jioni.

Akiwa mzima, mpe pumba yake ileile, usipunguze hata kibaba. Kinachobadilika ni saa: aipate kwenye hori wakati wa kukamua, akiwa ametulia. Akigonga, asipate kitu, wala usimkaripie, maana wengine hata kelele zako huwatosha.

Siku za kwanza huenda akagonga zaidi kuliko zamani. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Nyanya anamhurumia, au mtoto anayetoka shule anamrushia majani ya nepia. Naomba sana jambo hili lizungumzwe na watu wote wa boma, kijana wa kukamua pia, kabla ya kuanza. Ukimpa baada ya saa nzima ya kugonga, umemfunza kugonga saa nzima. Mnyama anayelipwa mara mojamoja, bila mpango, huchelewa kuacha kuliko aliyezoea kulipwa kila mara.

Huenda akatulia wiki mbili, halafu asubuhi moja agonge tena. Usishtuke. Usipompa kitu, kwa kawaida ataacha upesi kuliko mara ya kwanza.

Kanuni hiyohiyo huua na tabia nzuri. Kuku walioitwa jioni kwa punje za mahindi wakakuta mkono mtupu siku baada ya siku, wataanza kulala mtini, na kicheche yuko macho. Mahindi yakipungua ghalani, usikate ghafla. Wape leo, ruka kesho, kisha ruka mbili, ila wasijue lini.

Huko Bahati, kabla ya kuanza tulifunga lango kwa mnyororo na kuweka bawaba mpya, nzito.