Maharagi ya mawese na wali wa Luvungi, jinsi ninavyopika Bukavu

"Mama, mbona yangu hayaivi?" Swali hili naulizwa karibu kila wiki na wanaokuja kula kwenye malewa yangu, mgahawa wangu mdogo, huku Kadutu, mtaa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Mtu ametia maharagi motoni saa nne asubuhi. Saa nane mchana watoto wamerudi kutoka shule, makala (mkaa) yamekwisha, na maharagi bado ni mawe. Nikimhoji kidogo nagundua kwamba shida ilianzia sokoni, au ilianza pale tomati ilipoingia kwenye sufuria kabla ya wakati wake.

Kwa watu sita andaa nusu kilo ya maharagi makavu, vikombe 3 vya mchele, vijiko 5 vya mezani vya mawese, vitunguu 2, tomati 4 zilizoiva sana, punje 3 za kitunguu saumu, seleri, puaro (kitunguu cha majani marefu), pilipili moja na chumvi.

Hatua ya 1: Sokoni

Maharagi mapya tunayapata mara mbili kwa mwaka, mwezi wa kwanza na mwezi wa sita au wa saba. Muulize muuzaji ni ya msimu gani, kisha mimina kiganja kimoja uyatazame kwenye mwanga. Mapya yanang'aa. Yaliyokaa ghalani kwenye joto na unyevu yamefifia rangi, ngozi imejikunja, na hayo hata uyachemshe siku nzima hayalainiki vizuri. Kwa nyumbani napendelea ya njano, kwa sababu yanaiva mapema na mchuzi wake unakuwa mzito. Ila usichanganye ya magunia mawili: moja litapondeka huku jingine bado linagonga meno.

Hatua ya 2: Loweka usiku

Chambua mawe, osha, kisha funika kwa maji yanayoyapita kwa vidole vinne. Asubuhi yamevimba karibu mara mbili. Maji hayo yamwage, maana yamebeba sehemu ya kile kinachojaza tumbo hewa. Kuloweka kunaokoa makala pia. Karibu mji huu wote unapika kwa makala yanayotoka vilimani, na kila saa moja unayopunguza mbabulani, yaani kwenye jiko la makala, ni mti uliobaki umesimama.

Hatua ya 3: Chemsha, bila kitu kingine

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Tia maharagi katika maji mapya na uyaache yachemke kwa nguvu dakika 15 za kwanza. Usianze kwa moto mdogo. Maharagi mabichi yana sumu yake ya asili inayotapisha, na moto hafifu hauiondoi. Kisha punguza makala, funika, uyaache yatokote taratibu.

Usitie chumvi wala mafuta, na zaidi ya yote usitie tomati. Ukali wa tomati unakaza ngozi ya haragi, na kuanzia hapo utaongeza maji mpaka uchoke. Mwaka wa kwanza wa malewa nilitia kila kitu pamoja ili kuwahi wateja wa mchana. Saa tatu za moto, na nikawapakulia watu chakula kigumu. Tangu siku hiyo tomati yangu inakaa mbali na sufuria.

Ujue pia kwamba Bukavu iko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Dada yangu wa Uvira, chini kule kando ya Tanganyika, anatumia muda mfupi kuliko mimi kwa maharagi ya gunia lile lile. Kwa hiyo usifuate saa ya mtu wa bondeni. Yaliyolowekwa nayapa saa moja na nusu, na mara nyingine mbili. Maji yakipungua ongeza ya moto. Ya baridi yanarudisha kazi nyuma.

Kuna wanaotia bikabonati. Yanaiva upesi, kweli, lakini ladha inaelekea sabuni na vitamini B1 inakufa. Mimi sitii.

Kupima: chota machache ya chini ya sufuria, uyapulize kwenye kijiko. Ngozi ikipasuka na kujikunja, weka moja ulimini ulibane juu ya kaakaa. Liyeyuke lote, bila chembe ngumu katikati. Bado? Funika tena.

Hatua ya 4: Mchuzi

Pasha mawese kwenye sufuria nyingine mpaka yachangamke, yasitoe moshi. Wanaoyaunguza mpaka yapauke wanapoteza wekundu, na wekundu huo ndio mwili unaougeuza kuwa vitamini A. Tia kitunguu kilainike, halafu kitunguu saumu, halafu tomati. Koroga mpaka maji ya tomati yakauke na mafuta yaanze kujitenga pembeni.

Mimina maharagi na maji yake. Ponda upawa mmoja kwenye ukuta wa sufuria kwa mgongo wa mwiko, ndio unaofanya mchuzi uwe mzito. Sasa tia chumvi, seleri, puaro, na pilipili ikiwa nzima, isipasuke. Dakika 20 kwa moto mdogo.

Hatua ya 5: Wali

Mchele wa Luvungi, wa bonde la Ruzizi, nauosha mara tatu. Vikombe 3 vya mchele kwa 5 na nusu vya maji, chumvi, kijiko cha mafuta. Maji yakikaribia kukauka, ondoa makala mengi chini, weka machache juu ya kifuniko, usifunue kwa dakika 15.

Pakua wali kwanza, maharagi juu yake, na pilipili iwekwe kando kwa anayeitaka.

Maharagi yakibaki, yachemshe tena kabla ya kulala na uyafunike; asubuhi yachemshe tena, uyale na viazi vitamu. Wali uliobaki usiulaze nje usiku kucha. Umalizeni jioni ile ile, au mpelekeeni jirani.