Namna ya Kumkumbuka Daktari wa Jeshi Aliyefia Vitani: Mfano wa Kapteni Noel Chavasse

Anayetaka kumkumbuka daktari wa jeshi aliyefia vitani aanze na kazi aliyoifanya, sifa zifuate baadaye. Neno "shujaa" husemwa kwa kila askari aliyeuawa, kwa hiyo halimtambulishi yeyote. Hapa namtumia Kapteni Noel Chavasse, Mwingereza aliyefariki nchini Ubelgiji tarehe 4 Agosti 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa kuwa habari zake zimehifadhiwa vizuri.

Hakikisha kwanza jina, cheo, kikosi na tarehe ya kifo. Kwa waliofia katika majeshi ya Uingereza na makoloni yake wakati wa vita viwili vya dunia, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha inayotafutwa bila malipo kwenye intaneti. Jihadhari na jambo moja ambalo huwapoteza wengi: daktari wa jeshi huwa na makao mawili. Chavasse alikuwa afisa wa Royal Army Medical Corps, kikosi cha tiba cha jeshi la Uingereza, lakini aliishi na kufanya kazi pamoja na askari wa miguu wa Liverpool Scottish. Kwa hiyo jina lake utalikuta chini ya kikosi cha tiba, ilhali habari za siku zake za mwisho utazitafuta katika shajara ya vita ya batalioni, yaani kumbukumbu za kila siku za kikosi hicho cha askari wa miguu. Shajara za namna hiyo zimo katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, mtaa wa Kew, London.

Ukishapata habari, zipange kwa saa na mahali. Tarehe 31 Julai 1917, karibu na kijiji cha Wieltje nchini Ubelgiji, Chavasse alijeruhiwa mapema huku akimbeba askari kumpeleka kwenye kituo cha huduma ya kwanza. Alikataa kuondoka. Kwa siku mbili, akiwa karibu hana chakula, mvua ikiigeuza ardhi kuwa tope zito, alitoka tena na tena chini ya mizinga kuwatafuta majeruhi waliolala nje na kusaidia kuwabeba. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Agosti kombora liliingia katika handaki alimokuwa, likamjeruhi tumboni, naye akafa siku mbili baadaye katika hospitali ya jeshi ya Brandhoek, akiwa na umri wa miaka 32. Maelezo ya aina hii yasome polepole mbele ya watu. Hayahitaji kutiwa chumvi. Nishani zitajwe baadaye, kwa sentensi moja: Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, ya kwanza aliipata kwa kuokoa majeruhi huko Guillemont, Ufaransa, mwezi Agosti 1916, ya pili alitunukiwa baada ya kufa, na watu watatu tu wamewahi kuipata mara mbili.

Usimtenge na wabeba machela. Sanamu iliyowekwa Abercromby Square, Liverpool, mwaka 2008 inamwonyesha akiwa na mbeba machela wakimsaidia majeruhi, na naiona sahihi kuliko picha yoyote ya daktari aliyesimama peke yake. Msomaji wa Afrika Mashariki atawakumbuka hapo wapagazi wa vita hivyohivyo, ambao jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, ingawa wengi wao hawana kaburi lenye jina.

Ukiweza kufika, kaburi liko katika makaburi mapya ya kijeshi ya Brandhoek, kati ya Poperinge na Ieper. Jiwe lake lina misalaba miwili ya nishani, na chini yake aya ya Yohana 15:13, ambayo unaweza kuisoma kwa Kiswahili: "Hakuna aliye na upendo mwingi kuliko huu, wa mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake." Weka ua au msalaba mdogo wa mti chini ya jiwe. Usilisugue wala usipake chaki ili herufi zionekane kwenye picha. Subiri jua la ubavuni, litazionyesha lenyewe.

Jioni nenda Ieper, Lango la Menin, lango la kumbukumbu lenye majina ya askari wasio na kaburi linalojulikana, ambako tarumbeta hupigwa kila siku saa mbili kamili usiku. Fika mapema, utafute kwenye kuta jina la Aidan Chavasse, mdogo wake Noel, aliyepotea vitani Julai hiyohiyo ya 1917 na asipatikane. Tarumbeta zikiisha, watu hawapigi makofi.